Hema la Nungunungu

Palikuwa na Nungunungu aliyejisifu kwamba hana fitina, lake humwambia mtu usoni. Masika yalipokolea, yeye, Kanga na Panya walijiandaa kwenda kupiga kambi mtoni. Nungunungu hakumwamini mtu kulibeba hema lao, akalibeba mwenyewe mgongoni kutoka kwa fundi.

Walipolisimamisha kulijaribu, likavuja kila upande, limejaa matundu.

“Panya,” alisema Nungunungu, “hayo meno yako hayana likizo?”

“Kaka, sijaligusa.”

“Mimi sifichi maneno. Safari hii huendi. Toka.”

Panya akatoka, akajikunyata mvuani chini ya jani la mgomba. Kanga alibaki akikagua matundu, na katika moja akachomoa kitu kirefu, cheusi kwa cheupe.

“Na hili ni jino la Panya?” aliuliza.

Nungunungu aliutambua mwiba wake. Akatoka nje, akamwinamia Panya na kunong'ona, “Ndugu yangu, ni mimi.”

“Wakati wa kumshtaki tulikusikia sote,” alisema Kanga. “Paza sauti.”

Akarudia kwa sauti, masikio yakimwaka moto.

 Panya aliomba ule mwiba, akaufanya sindano, akashona matundu yote huku Nungunungu amesimama nje akilowa, asithubutu kusogea. Kazi ilipokwisha, Panya akafunua mlango wa hema.

“Ingia, kaka. Ila miiba ielekeze mlangoni, uso utuelekezee sisi.”

Nungunungu akaingia. Miiba aliielekeza mlangoni kama alivyoambiwa, lakini uso hakuweza kuuinua.