Bi Salha Aenda Kuona Matumbawe

Haroub alikuwa akiwapeleka wageni kutazama matumbawe. Kila mara alimwambia mama yake, Bi Salha, "Mama, twende nawe ukaone," naye mama akajibu, "Wiki ijayo, mwanangu, inshallah." Homa ikamchukua kijana kabla mama hajaenda.

Arubaini ilipopita, Bi Salha alipanda boti ya Mkadam, rafiki wa marehemu, akaketi na buibui lake katikati ya wageni waliovaa nguo za kuogelea.

"Mama, bahari ni kubwa, utaogopa," Mkadam alimwambia.

"Nimeshazika mtoto, baba. Niogope nini tena?"

Walipofika, Mkadam alimvisha miwani ya kuogelea, akamshika kiuno, naye Bi Salha akainama ukingoni mwa boti akatia uso majini. Samaki wa manjano na wa buluu walikuwa wakipita kati ya matumbawe yaliyochanua kama bustani. Alipoinua uso, wageni walikuwa wakicheka na kupigana picha.

"Umeona, mama?"

"Nimeona. Alikuwa akinisimulia, nami nikidhani anatia chumvi."

Akavuta pumzi, akainama tena, na safari hii akakawia. Mtandio wake ulielea juu ya maji, na Mkadam hakujua amwinue lini.