Kito cha Mwanakhere

Lori lilikuwa limeshawashwa na mizigo ya Mwanakhere iko juu, pete yake ilipokatika. Akaingia mbio kwa sonara Shomvi.

"Fundi, nilehemie! Shangazi ninayemwendea hajapata kuniona. Atanitambua kwa kito hiki tu, nusu zambarau, nusu manjano."

"Basi nikitoe kwanza, mwanangu. Hiyo zambarau haipatani na moto."

Dereva akapiga honi. "Mzee, unalehemu pete au unaozesha binti?"

"Usikitoe, baba, nitaachwa!"

Kwa miaka arobaini Shomvi alikuwa hajawahi kulehemu pete kito kikiwa ndani. Akakifunga kitambaa kibichi, akapuliza moto. Dhahabu ilishikana vizuri, lakini kitambaa kilikauka mapema, na alipokifungua, kito kizima kilikuwa manjano.

Mwanakhere alinyoosha kidole huku akilitazama lori. Shomvi akamvisha, kito akakigeuzia kiganjani.

"Imekubali?"

"Imeshika," akasema.

Siku hizi Shomvi ameacha usonara, anauza kufuli. Siku ile dereva alifika salama. Shangazi alisimama barabarani akikagua vidole vya kila aliyeshuka, na Mwanakhere akashuka wa mwisho, mkono ameutanguliza.