Sare Isiyo na Upindo

Fundi alipiga magoti mbele ya mtoto, pini midomoni, akikunja upindo mpana wa sketi ya shule ili uje ufumuliwe akirefuka.

"Wote huo wa nini?" akauliza mwanamke aliyejiita shangazi. "Kata. Ataivaa siku ya kuvuka mpaka tu."

Fundi akaganda. Sare ya siku moja ni ya kuwahadaa askari. Shule haikuwepo.

"Shangazi, nikikua je?" mtoto aliuliza, akijigeuzageuza kiooni.

"Huko utashonewa nyingine, mwanangu."

Mlango ulikuwa wazi, barabara imejaa watu. Ukelele mmoja ungetosha.

Fundi hakuzitema pini. Alichukua mkasi, akakata.

Mtoto akaokota kitambaa kilichoanguka, akaomba afungwe nacho nywele.

Fundi akamfunga, vizuri kabisa.