Sindano ya Seremala

Sindano ilikuwa moja, na nyigu walikuwa wamechoma watu wawili.

Seremala alilijua hilo alipokuwa bado anamburuta mkewe kutoka karakanani. Kitu kilimchoma nyuma ya sikio, maumivu ya kuingia hadi kwenye meno. Alimfikisha mkewe jikoni, akausukuma mlango kwa kisigino, akamlaza sakafuni na kukipakata kichwa chake.

Uso wa mwanamke, uliochomwa mara zisizohesabika, ulikuwa umeumuka. Macho yamebaki mistari miwili, midomo imekuwa minene, na kila pumzi ilitoka na mluzi. Ajabu ni kwamba huyu hakuwa mtu wa kuogopa nyigu. Wiki iliyopita tu mmoja alimchoma kidoleni, akakinyonya kidole na kucheka. Mwoga wa nyumba hii alikuwa seremala, jitu zima linalobeba mlango wa mbao ngumu begani peke yake, lakini likisikia mvumo wa mdudu linatimua mbio. Majirani walimpachika jina la Mbio, naye alicheka pamoja nao. Hawakuwapo siku ile alipochomwa na nyigu mmoja tu akazindukia wodini, daktari akimwambia kwamba akichomwa tena huenda asifike hospitali.

Ndipo mkewe, ambaye ni muuguzi, alipoanza kumwandalia sindano. Alivuta dawa kutoka kwenye kichupa kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka ndani ya kasha la miwani ili mwanga usiiharibu, na ilipozeeka aliibadilisha. Kasha lilikaa juu ya jokofu, na hakuna aliyeligusa ila yeye.

"Nishushie lile kasha!" seremala alimpigia kelele jirani yao, aliyekuja baada ya kusikia mayowe.

Jirani alilishusha, akamkabidhi. "Nakwenda kuwasha gari, likikubali. Mchome shemeji, kaka, unangoja nini?" Akatoka mbio.

Viganja vilikuwa vimeanza kumwasha, na alijua kinachofuata: ulimi, kisha koo. Dawa yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja. Mkewe alishamwambia zamani kwamba nusu haimfai mtu.

Akamtazama. Mwaka mzima walikuwa wameishi kama wapangaji wawili wanaogombea bafu. Kisha mwezi huu, bila sababu, mwanamke alibadilika, akawa mtamu kama siku za uchumba. Anamfulia nguo za kazi. Anamuuliza atarudi karakanani saa ngapi. Hata mtu wa kupuliza dawa ya wadudu alipokuja kukiondoa kiota cha nyigu kilichokuwa karakanani, ni yeye aliyemrudisha kutoka getini, akisema ile sumu itamharibu mumewe kifua.

"Kiache," alisema, "nitakitoa mwenyewe, taratibu."

Na leo alikuwa amejaribu. Seremala alimkuta ameanguka chini ya kiota, mkebe wa maziwa mkononi, kifuniko kimeviringika pembeni. Koti la kazi la mumewe, ambalo huning'inia nyuma ya mlango, lilikuwa miguuni pake, na nyigu walikuwa wakitoka kwenye mikono ya koti. Bila shaka alilichukua ili ajifunike, maskini, likamponyoka. Angesema tu, wangesaidiana.

Seremala aling'oa kifuniko cha sindano kwa meno.

Mkewe aliiona. Akatikisa kichwa. Sindano iliposogezwa kwenye paja lake, aliudaka mkono wa mumewe na kuukamata kwa nguvu ambazo mtu anayekosa hewa hakupaswa kuwa nazo.

"Acha ubishi, mke wangu."

Akatikisa kichwa tena. Ile mistari miwili ya macho ilikuwa imekwama nyuma ya sikio la mumewe, pale palipovimba. Ameshaona. Seremala alihisi machozi yanamjia. Pumzi zinamwishia, na bado anataka dawa abakishiwe mumewe! Na yeye mwaka mzima alikuwa akimnunia kwa mambo ya kipuuzi, chumvi imezidi, taa haikuzimwa. Alijichukia kwelikweli.

"Mimi sijambo," alidanganya, na tayari ulimi ulikuwa mzito. "Hii ni yako. Nimekupa."

Akambandua vidole kimoja kimoja. Akachoma pajani, juu ya nguo, na kusukuma mpaka tone la mwisho.

Nje, gari la jirani lilikohoa, likazima, likakohoa tena. Seremala aliegemea kabati la vyombo huku koo likimbana. Hofu ilikuwapo, tena kubwa, lakini pamoja nayo alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja siku nyingi. Mmoja wao angepona, na aliyemchagua ni yeye.

"Sasa tulia," alisema, akimpapasa nywele. "Itakufungua kifua sasa hivi, utaona."

Mkewe alikuwa akilia. Alimshika shingo, akamvuta chini mpaka sikio likagusa midomo yake.

"Niliimwaga," alisema. "Mle nilitia maji."