Siku ya Kutawadhana Miguu

"Usipomtawadha, Meza ya Bwana husogelei," Shemasi Ann alisema, na Shemasi Ann hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Wakristo wa Kimenonaiti wa Migori wamelelewa hivyo: aliyekukosea ndiye unayemwosha miguu. Pamela alikuwa na miezi minane bila Meza. Miezi minane tangu Cheryl, msimamizi wake kazini, amnyime ruhusa ya kwenda kumzika binti yake, Daisy. "Tuko bize, Pamela. Mtoto ameshakufa, utaenda kumfanyia nini?" Jamani, maneno kama hayo mtu anayasahau vipi?

Lakini alitaka kusamehe. Uchungu ulikuwa umemchosha. Ijumaa hiyo, kwenye chumba cha ndani cha nyumba waliyokodi kwa ibada Al Wakrah, huko Uarabuni walikofanya kazi, alipiga magoti mbele ya Cheryl. Wanawake wengine walisubiri zamu sebuleni.

Alikuja na mwarobaini. Nyanya yake ndivyo alivyowatibu watu kule kwao: unaosha kwanza, kisha majani kwenye maji ya uvuguvugu, kisha mafuta na maombi. Maji ya majani aliyaweka kwenye birika la umeme, jagi la maji baridi ya kuyapoza kando.

"Hiyo dawa yenu nimeitamani sana," Cheryl alisema akivua soksi. "Sukari imenimaliza, dada. Hospitalini ni tembe tu."

Pamela akaanza na maji ya bomba. Akasugua taratibu, na kweli moyo ukalegea. Akalia. Cheryl naye akalia.

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe," Pamela akajibu, na wallahi alimaanisha.

Cheryl akafumba macho, akaanza wimbo.

Ndipo kidole cha Pamela kikagusa kitu kigumu kisiginoni. Kipande cha kioo, kimezama chote. Akakichomoa. Damu ikachuruzika kwenye beseni. Akamtazama Cheryl usoni, kisha akaukandamiza ukucha wake ndani ya kile kidonda, kwa nguvu.

Wimbo haukukatika.

Birika likachemka, likajizima. "Haya, tia dawa sasa," Cheryl akasema, macho bado yamefumbwa, na akaendelea kuimba.

Pamela akalisukuma lile jagi chini ya kitanda. Akainua birika, akamimina polepole, mguu mmoja kisha wa pili, mpaka likaisha. Cheryl alikuwa ameingia ubeti wa tatu.