Maji ya Kata

Katekista aliinama juu ya kitanda cha kamba, akafunua kanga. Nywele za kichanga zilikuwa bado zimelowa.

"Ulimbatiza mwenyewe, mama?"

"Mwenyewe, mwalimu. Kwa maji ya kata, kama mlivyotufundisha."

"Pole sana. Lakini padri ataniuliza. Ulipommwagia maji, alikuwa anapumua?"

Koletha aliingiza kiganja chini ya kichwa cha mwanawe. Baba wa mtoto alikuwa vitani Burma, hata sura ya mwanawe hajaiona. Maiti habatizwi. Mtoto angezikwa nje ya ua wa makaburi ya Wakristo, na mbinguni asingeingia. Ndivyo walivyofundishwa. Walifundishwa pia kwamba anayedanganya juu ya sakramenti anajitakia moto wa milele.

Alikumbuka alivyokimbilia mtungi, na kifua kile kidogo alichokikuta kimetulia aliporudi.

Tone moja liliteremka kutoka kwenye nywele, likapita sikioni, likamwangukia kiganjani. Lilikuwa la baridi.

"Alikuwa anapumua," alisema.

Katekista akatoa kalamu, uso umemnyooka. "Basi yuko mbinguni, mama. Mtaonana huko."

Koletha akamnyakua mwanawe, akamkumbatia, na majirani watatu waliokuwa mlangoni wakashindwa kumbandua.