Kikao cha Jumanne

Mzee hakutaka kiti. Alisimama mbele ya meza ya mshauri wa masomo, vumbi la saruji limemjaa kuanzia nywele hadi nyusi, akanyoosha karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mwalimu, sahihi hii ni yako?"

Ilikuwa yake. Wanafunzi walimbatiza Fasta, na si kwa sababu alijua kukimbia. Kwenye chuo kile mwanafunzi mpya haji na fani yake mkononi. Mwaka mzima wa kwanza anaonja historia, hesabu, falsafa, uchoraji, na hasajiliwi popote mpaka mshauri akae naye saa nzima, waulizane na kujibizana, kisha fomu ya kikao ijazwe na kutiwa sahihi.

Fasta alikuwa na wapya arobaini na wawili. Alipopewa orodha yao, wiki moja kabla chuo hakijafunguliwa, alijifungia ofisini mchana mmoja akajaza fomu zote. Masomo yaleyale manne, maoni yaleyale, "Tumezungumza kwa kina." Tarehe tu ndizo alizozitawanya, zisije zikamuumbua. Akawa anazipeleka masjala kidogo kidogo, kama mtu anayechapa kazi kweli. Waliobisha hodi aliwaambia fomu zao ziko tayari, na wakaondoka wamefurahi, maskini.

Shida ni kwamba juzi tu mwenzake wa chumba cha pili alifungashiwa virago kwa mchezo huohuo. Mkuu wa chuo aliapa mbele ya walimu wote kwamba mwingine akikamatwa, kibarua chake kitaota nyasi siku hiyohiyo. Na Fasta alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Nani angemwajiri tena?

"Ni yangu," alisema. "Kwani kuna nini, mzee wangu?"

"Huyu aliyeandikwa hapa ni binti yangu. Masjala wamenitolea hii kwenye faili lake. Jumanne saa nne asubuhi ulikaa naye wewe mwenyewe?"

Jasho jembamba likaanza kumtoka. Alizitazama kucha za mzee zilizokatikakatika, mikono iliyochubuka, akamwona fundi ujenzi aliyetoka kazini moja kwa moja kuja kumshitaki. Bila shaka binti amelalamika nyumbani kwamba hajamwona mshauri wala kivuli chake.

"Mimi mwenyewe."

"Si wiki iliyopita? Si Jumatatu?"

Ananitega kwenye tarehe huyu, Fasta aliwaza. Akajikaza kisabuni. "Jumanne. Saa nne kamili alibisha hodi. Watoto wa siku hizi kuwahi ni kazi, ndiyo maana nakumbuka."

"Alikuwaje?"

Swali gani hilo. Lakini Fasta alikuwa amekalia kiti kile miaka kumi na tisa, na wanafunzi wapya aliwajua nje ndani. Akatoa maneno yanayomfaa yeyote kati yao. "Alianza kwa aibu, anaangalia chini, unamvuta maneno moja moja. Baadaye akafunguka."

"Ndiye huyo," mzee alisema taratibu. "Mgeni wa watu."

"Akaniambia ana hofu na hesabu."

"Anaziogopa tangu darasa la nne."

"Nikamwambia aanze na historia na uandishi, hesabu atazikuta mbele ya safari. Mpaka anatoka hapa anacheka." Uongo ulikuwa umenoga, na Fasta mwenyewe aliona haya kidogo jinsi ulivyomteremka. "Alikuwa kavaa sweta, asubuhi ile ilikuwa na baridi."

Mzee akashika ukingo wa meza. "La kijani?"

"La kijani hilohilo."

"Simu yake haipatikani tangu aondoke nyumbani Jumatatu," mzee alisema. "Na bwenini orodha yao haijakamilika, hawajui nani kafika na nani bado."

"Wiki ya kwanza kila kitu kinawapotea, mzee wangu. Chaja, kitambulisho, hata viatu. Utampata tu."

Mzee alimkazia macho, mekundu kama ya mtu aliyekesha. "Mwalimu, mimi si mtu wa kesi. Kama hukumwona, niambie tu hukumwona. Mkuu wako hatasikia neno kwangu. Nakuomba."

Hapo Fasta angeweza kujitoa. Ukweli ulikuwa umeshamfika ulimini. Ila mlango ulikuwa wazi, na mkuu wa chuo alikuwa akipita koridoni na kikombe chake cha chai, mwendo wa pole, sikio likiwa upande huu.

"Nilimwona kwa macho yangu haya," Fasta alisema kwa sauti ya kusikika. "Saa nzima."

Mzee alijifunika uso kwa viganja viwili, mabega yakamtikisika. Mkuu wa chuo akapita zake. Fasta akashusha pumzi, akajiambia kesi imekwisha, na kuanzia kesho atakaa na kila mwanafunzi, haki ya Mungu.

Mzee akatoa simu, akapiga, machozi yakimchora njia kwenye vumbi la mashavu.

"Mke wangu, usilie tena. Mtoto hayumo kwenye kifusi. Ile gesti aliyotuaga kwamba atalala inaporomoka Jumatatu usiku, yeye alikuwa ameshapita zake. Jumanne asubuhi kakaa hapa na mwalimu wake, anacheka. Wengine wote si wameshatolewa? Basi waambie wale vijana waache kuchimba, wakapumzike. Na hiyo sauti unayosema unaisikia huko chini ni masikio yako tu, hujalala siku tatu. Mwambie yule bwana wa tingatinga aanze."